Redio mpya ya reli na mtaji unaolala njiani: Pemba nayo inahusika

Kisiwa cha Pemba hakina hata futi moja ya reli. Hata ile njia ndogo ya treni iliyokuwa ikitoka mjini Zanzibar kwenda Bububu mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa Unguja, na iling'olewa zamani. Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara wengi wa Chake Chake, Wete na Mkoani huzisikia habari za mawasiliano ya reli ya Bara kama habari za harusi ya jirani: zinapendeza, lakini haziwahusu.

Mtazamo huo una hasara. Dagaa wakavu wa visiwani wana wanunuzi wengi kutoka Kongo, na njia ya kwenda Kongo inapita Kigoma. Vitunguu, maharage, mahindi na viazi vinavyouzwa katika masoko ya Pemba hutoka mikoa ya Bara, na saruji na mabati huvuka mkondo kutoka upande huo huo. Kisiwa kilichoanza kupata umeme kutoka Tanga mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari hakihitaji kuambiwa kwamba mtambo wa Bara unaweza kuwasha taa ya Pemba au kuizima.

Ndiyo maana mabadiliko ya redio za reli, kutoka mfumo wa analogi kwenda mfumo wa dijitali, ni habari ya soko kabla ya kuwa habari ya mafundi. Mabadiliko hayo ni mema na yalichelewa. Lakini faida yake haitavuka bahari ikiwa redio mpya itawekwa katika njia moja tu, huku njia nyingine zikiachwa gizani, na ikiwa hakuna aliyekwisha kupiga hesabu ya siku mitambo hiyo itakapozeeka.

Mtaji unaolala

Mfanyabiashara huogopa mzigo usiojulikana ulipo kuliko mzigo unaokwenda polepole. Mwenye kujua kwamba behewa lake litafika siku ya saba hupanga chombo, makuli na mnunuzi kwa siku ya saba. Asiyejua kama ni siku ya saba au ya kumi na saba hulazimika kuweka fedha ya akiba, kukodi ghala asilolihitaji, au kukosa chombo kilichokuwa tayari kung'oa nanga. Gharama zote hizo hatimaye huingia katika bei anayolipa mlaji.

Tuseme kuna mfanyabiashara mwenye mtaji wa shilingi milioni 20, anayepata faida ya asilimia 4 kila mtaji unapozunguka. Akizungusha mtaji huo kila baada ya siku 30, huuzungusha mara 12 kwa mwaka na kupata shilingi milioni 9.6. Akiweza kuuzungusha kila baada ya siku 20, huuzungusha mara 18 na kupata shilingi milioni 14.4. Tofauti ni shilingi milioni 4.8, bila kuongeza hata senti moja ya mtaji na bila kumpandishia mteja bei. Wala hesabu hiyo haihitaji mkopo wa riba. Inahitaji mzigo usilale njiani, na taarifa ya mzigo isilale nao.

Siku hizo 10 hazipotei zote kwa sababu injini ni mbovu. Nyingine hupotea kwa sababu treni moja inasubiri nyingine ipite, na hakuna mwenye uhakika ile nyingine imefika wapi. Hapo ndipo redio inapogusa mfuko wa mfanyabiashara.

Simu ya upepo ya zamani

Katika njia moja ya reli, treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana ila kwenye stesheni. Kwa hiyo kazi kubwa ya mawasiliano ya reli tangu enzi za Wajerumani, waliofikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, ni moja tu: kuhakikisha kwamba dereva haingii kipande cha njia ambacho bado kina treni nyingine. Stesheni masta alizungumza na mwenzake wa mbele kwa simu ya nguzo, akapata hakika kwamba njia ni tupu, ndipo akampa dereva ruhusa. Baadaye zikaja redio za sauti, ambazo watu wa pwani wamezizoea kwa jina la simu ya upepo.

Redio ya analogi ina sifa zake, na si haki kuzipuuza. Ni rahisi, fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza, na ikizidiwa na umbali haikatiki ghafla: sauti huanza kukwaruza, ikafifia, lakini msikilizaji mzoefu bado huambulia neno. Katika nchi ambayo waya wa shaba wa nguzo ulikuwa ukiibwa, redio iliokoa safari nyingi.

Kasoro zake nazo ni kubwa. Katika masafa mamoja mtu mmoja husema na wengine wote hungoja. Redio yenyewe haimtambulishi anayesema wala haisemi treni iko wapi. Inategemea mtu aeleze, na mwingine asikie sawasawa na kuandika sawasawa. Namba ya treni ikisikika vibaya, hakuna chombo cha kusahihisha. Kwa hiyo waongozaji makini huongeza tahadhari: treni zinatenganishwa kwa nafasi kubwa, na njia ambayo ingepitisha treni nyingi kwa siku inapitisha chache. Tahadhari hiyo ni ya lazima, lakini kila saa ya tahadhari mwenye mzigo huilipia.

Umuhimu wa onyo la haraka hauhitaji mfano wa mbali. Juni 24, 2002, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni baada ya breki kushindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walipoteza maisha. Haisemwi hapa kwamba redio ndiyo iliyosababisha msiba ule. Kinachosemwa ni kwamba katika reli kuna nyakati ambapo taarifa inatakiwa kufika kwa sekunde, kwa watu wote wanaohusika kwa pamoja, bila kungoja zamu ya kusema.

Redio ya tarakimu

Reli ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande chake cha kwanza kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ulitolewa mwaka 2017, ilijengwa kwa mfumo mwingine kabisa. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huo huo. Upana wa njia ni milimita 1,435, badala ya mita moja ya reli ya zamani. Treni za abiria zimekusudiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na za mizigo kilomita 120.

Kwa mwendo huo dereva hawezi kutegemea bendera wala karatasi. Redio iliyochaguliwa ni ile inayojulikana kwa herufi GSM-R, ndugu wa karibu wa simu za mkononi za kizazi cha pili, iliyotengenezwa Ulaya katika miaka ya 1990 kwa ajili ya reli peke yake. Kenya nayo iliuchagua mfumo huo kwa reli yake mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Minara hupangwa kandokando ya njia, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na kila treni hutambulika kwa namba yake. Mwito wa dharura hupewa nafasi ya kwanza, na mazungumzo mengine huupisha.

Zaidi ya sauti, redio hiyo hubeba ruhusa ya kuendesha. Chumba cha kuongozea treni hujua kila treni ilipo, huhesabu ni umbali gani mbele yake uko salama, kisha ruhusa hiyo hutumwa kwa redio hadi kwenye kioo kilicho mbele ya dereva. Dereva akizidisha mwendo, mtambo wenyewe hufunga breki. Matokeo yake ni kwamba treni zinaweza kufuatana kwa karibu zaidi bila kuongeza hatari, na saa ya kuwasili inaweza kutajwa mapema kwa uhakika zaidi.

Hata hivyo, wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Redio ya analogi ikiharibika, treni hurudi kwenye karatasi na kutambaa. Redio inayobeba ruhusa ya kuendesha ikikatika, treni inatakiwa kusimama, kwa kuwa usalama ndio unaotaka hivyo. Maana yake, katika mfumo mpya, mnara usio na umeme, betri iliyochoka au waya ulioibwa haupunguzi ubora wa sauti tu, bali unaweza kusimamisha njia. Mwaka 2024, wiki chache baada ya safari kuanza, treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na maelezo yaliyotolewa yakataja ngedere na bundi. Wengi walicheka. Wafanyabiashara walipaswa kusikia somo lililokuwa ndani ya kichekesho kile: mtambo wa kisasa ni imara kwa kadiri ya matunzo yake, na matunzo hayana sherehe ya uzinduzi.

Njia mbili, redio mbili

Tatizo linaloihusu Pemba zaidi liko mahali pengine. Gunia la dagaa linalokwenda Kigoma, au kitunguu kinachoshuka pwani, hakipiti katika reli ya kisasa peke yake. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na ujenzi wa zaidi ya kilomita 500 si kazi ya msimu mmoja wa karafuu. Hadi treni mpya ifike ziwani, reli ya zamani ya mita moja ndiyo njia ya treni ya kwenda Kigoma.

Kaskazini kuna njia nyingine yenye maana kwa Pemba: reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893 na ndiyo ya kwanza katika Tanganyika. Baada ya kulala kwa miaka mingi, treni za mizigo zilirudi Moshi mwaka 2019, na mwaka 2020 reli ikafufuliwa hadi Arusha. Tanga ni bandari ya Bara iliyozoeana na Wete na Mkoani tangu enzi za majahazi. Mazao ya kaskazini yakishuka Tanga kwa treni yenye saa inayoaminika, safari ya kwenda Pemba inakuwa fupi kuliko kuzunguka Dar es Salaam.

Lakini reli hizi za mita moja zimeendeshwa kwa miaka mingi kwa mchanganyiko wa simu za stesheni, karatasi za ruhusa na redio za sauti. Ikiwa fedha zote za mawasiliano zitaelekezwa kwenye njia mpya, kutakuwa na reli mbili zisizoelewana: moja inajua treni yake iko wapi kila dakika, nyingine inajua pale stesheni masta anapopiga simu. Mzigo unaobadilisha njia utatoka kwenye mwanga na kuingia gizani. Mfanyabiashara aliye Wete hatafaidika kwa kujua mzigo wake ulipokuwa siku ya kwanza, ikiwa siku ya pili hadi ya tisa haujulikani ulipo.

Umri wa mitambo

Wasomaji wanaokumbuka usiku wa Desemba 31, 2012, wakati mitambo ya televisheni ya analogi ilipozimwa Dar es Salaam, wanakumbuka pia habari ya ving'amuzi. Waliojiandaa mapema walipata faida. Waliokuwa na shehena ya televisheni za zamani walizibembelezea wateja. Somo la kibiashara lilikuwa kwamba tarehe ya kuzimwa kwa teknolojia ni tarehe ya soko, sawa na tarehe ya kufunguliwa kwa msimu wa karafuu.

GSM-R nayo ina tarehe yake. Watengenezaji wa mitambo hiyo wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2030 au zaidi kidogo, na reli za Ulaya zinajiandaa kuhamia katika muongo wa 2030 kwenye mfumo mwingine unaoitwa FRMCS, unaotegemea simu za kizazi cha tano. Hii si kusema kwamba Tanzania ilinunua kitu kibovu. Wakati mikataba inasainiwa, GSM-R ndiyo iliyokuwa imejaribiwa na kuthibitishwa, na kuweka mitambo isiyojaribiwa katika treni yenye abiria kungekuwa kamari. Lakini vipuri vya mfumo unaoachwa na wenyewe huanza kuadimika, na kinachoadimika hupanda bei. Gharama ya kuhama lazima iwekwe katika hesabu tangu sasa. Isipowekwa, itajitokeza baadaye katika nauli ya tani ya mzigo.

Somo la bahari na la Marekani

Kwa bahati njema, Pemba inaufahamu mfano wa mabadiliko ya aina hii, kwa kuwa uko katika kila meli kubwa inayotia nanga Mkoani. Tangu Februari 1, 1999, mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini umekuwa ukitumika kikamilifu. Nahodha hubonyeza kitufe chekundu, na mwito wa tarakimu wenye utambulisho wa chombo hurushwa katika chaneli ya 70, pamoja na mahali kilipo iwapo redio imeunganishwa na kipimo cha setilaiti. Hata hivyo chaneli ya 16, yenye sauti ya analogi ambayo hata chombo kidogo chenye redio ya bei nafuu huisikia, haikuzimwa. Dijitali ilipewa kazi inayohitaji haraka na usahihi, na analogi ikaachiwa mazungumzo. Baada ya msiba wa MV Spice Islander I, uliotokea Septemba 10, 2011 katika safari ya kwenda Pemba, hakuna Mpemba anayehitaji kuelezwa thamani ya mwito unaofika kwa wakati.

Reli za Marekani, zinazobeba mizigo kwa wingi usio na mfano Afrika, zimepita njia inayofanana na hiyo. Baada ya treni mbili kugongana Chatsworth, California, Septemba 2008, na watu 25 kufa, sheria ya mwaka huo iliamuru mfumo wa redio ya data wenye uwezo wa kufunga breki za treni uwekwe katika njia kuu. Kazi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa upande wa sauti, mamlaka ya mawasiliano ilizitaka redio zitumie nafasi nyembamba zaidi ya masafa kuanzia Januari 1, 2013. Kampuni za reli zikanunua redio zenye uwezo wa kutumika pande zote mbili, analogi na dijitali, lakini ziliendelea kwa miaka mingi kuzungumza kwa analogi. Hawakutupa mtumbwi kabla boti haijafika ufukweni.

Yanayopasa kufanyika

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kudaiwa na wafanyabiashara, kupitia jumuiya zao, bila kungoja kuambiwa.

La kwanza, reli za mita moja, hususan ile ya Tanga na ile ya Kigoma, zisiachwe zingoje hadi reli ya kisasa ifike kila mahali. Redio za pande mbili, pamoja na vifaa vya setilaiti vya kuonyesha injini ilipo, zina gharama ndogo sana zikilinganishwa na mnara kila baada ya kilomita chache. Hazitaifanya treni iende kilomita 160 kwa saa, lakini zitaifanya ijulikane ilipo, na hilo ndilo mfanyabiashara analolipia.

La pili, taarifa ya mahali mzigo ulipo isibaki katika chumba cha kuongozea treni. Reli ikishajua behewa liko wapi, hakuna sababu mwenye mzigo asipate ujumbe katika simu yake ya mkononi, hata ile ya vitufe, na hakuna sababu wakala wa chombo Tanga asiupate pia. Redio ya dijitali ambayo faida yake inaishia kwa mwongoza treni ni nusu ya faida iliyogharamiwa na walipa kodi.

La tatu, itajwe wazi nani atalipa gharama ya kuhama kutoka GSM-R, lini, na kutoka fungu gani. Reli ya kisasa imejengwa kwa fedha za serikali na mikopo. Mwekezaji mdogo mwenye hati fungani za serikali ni miongoni mwa wakopeshaji wa nchi, na ana haki ya kuuliza swali hilo kama anavyouliza kuhusu barabara na bandari.

Mwekezaji mwenye hisa za kampuni za simu naye ana la kutazama. Vodacom Tanzania iliingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017 kwa bei ya shilingi 850 kwa hisa, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza sehemu ya hisa zake kwa umma. Iwapo mfumo wa reli wa baadaye utafuata teknolojia ya kizazi cha tano, swali la kama reli itajenga minara yake yenyewe au itapanga katika minara ya wengine litakuwa swali la mapato. Ni mapema mno kununua au kuuza hisa kwa sababu hiyo. Si mapema kuliuliza katika mkutano mkuu wa wanahisa.

Kwa mfanyabiashara wa Pemba, hatua ya karibu ni nyepesi zaidi. Anapofunga mkataba na wakala wa usafirishaji wa Bara, asiulize bei ya tani peke yake. Aulize mzigo utapita reli ipi, utabadilishwa wapi, na nani atamjulisha ukikwama. Wakala asiye na jibu la swali la tatu ana bei rahisi inayoficha gharama. Na mawakala wakiulizwa swali hilo kila siku, wao wenyewe ndio watakaokwenda kugonga mlango wa reli kudai taarifa.

Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Redio ya reli ni daftari la mali iliyo safarini, na Pemba, ingawa haina reli, ina mali yake nyingi katika safari hiyo.